Pima silinda kwanza, mtutu baadaye

Ndugu, unasema bastola yako ya silinda ya .45 Colt inatawanya vichwa vya risasi vya kusubu na kuacha madini ya risasi yameganda mtutuni, nawe umechagua kipenyo kwa kupima mtutu peke yake. Hapo ndipo shida ilipo. Kabla kichwa hakijafika mtutuni, kinapita sehemu nyembamba iliyo mbele ya kila tundu la silinda, na hiyo ndiyo inayoamua.

Hakikisha silaha haina kitu, itoe silinda, kisha sukuma kichwa cha madini laini ya risasi katika kila tundu kwa kijiti cha mbao. Kikitoka, pima kipenyo chake kwa maikromita. Pima matundu yote sita, maana mara nyingi hayalingani. Kichwa kizuri hupita kwa kusukumwa kidogo na kidole: kikidondoka chenyewe ni chembamba mno.

Sehemu hiyo ya tundu ikiwa inchi 0.4525 na kipenyo cha mifereji ya mtutu inchi 0.4515, tumia vichwa vya 0.452 au 0.4525. Tundu likiwa jembamba kuliko mtutu, kununua kalibu kubwa ya kusubia vichwa hakusaidii kitu, kwa sababu silinda itakiminya kichwa kile kile, gesi ipite pembeni na kuyeyusha risasi. Mpelekee fundi wa bunduki ayapanue matundu.

Na kama ni Colt ya kabla ya Vita Kuu ya Pili, usiige vipimo vya leo. Mitutu ya zamani ilikuwa karibu inchi 0.454, ya baada ya vita ni 0.451 hadi 0.452.