Sakafu Inabonyea: Tuanzie Uvunguni

SWALI: Ndugu Mhariri, tunaishi katika nyumba ya mbao hapa Raleigh, North Carolina. Chini ya sakafu pana uvungu ambao mtu huuingia kwa kutambaa. Tangu msimu wa joto uanze, sakafu ya sebuleni inabonyea na mlango wa chumba cha watoto unakwama. Kampuni iliyokuja kukagua bure inataka tutie saini leo leo ili isimike jeki za chuma. Je, tukubali?
Mama wa watoto watatu

JIBU: Dada yangu, usitie saini kwanza. Jeki huinua sakafu, lakini haiondoi kilichoidhoofisha, na katika majimbo ya kusini-mashariki mwa Marekani chanzo mara nyingi ni unyevu: hewa ya joto yenye mvuke huingia kupitia matundu ya msingi, hukutana na mbao na mabomba yaliyopozwa na kiyoyozi, kisha mvuke huo hugeuka matone, huku udongo ulio wazi nao ukitoa mvuke wake usiku na mchana.

Mwombe mtu aingie uvunguni akiwa na barakoa, glavu, tochi na bisibisi. Ikiwa maji yametuama karibu na nyaya za umeme, asiingie kabisa. Adunge kwa bisibisi ncha za mbao pale zinapokalia msingi, na hasa chini ya bafu. Ubao mzima huikataa bisibisi, ilhali uliooza huipokea kama kiazi kilichochemshwa. Kipimo cha unyevu wa mbao kikisoma zaidi ya asilimia 20, kuvu wanaoozesha mbao wanakaribia kupata makao. Atazame pia vijia vya udongo vyenye unene wa penseli vinavyopanda ukutani, kwani hiyo ni njia ya mchwa, na nguzo zilizoinama au zilizopangwa juu ya udongo mtupu bila msingi wa zege.

Matengenezo yaanze na maji. Mabomba ya gata yamwage mbali na ukuta, ardhi ishuke sentimita 15 katika mita 3 za kwanza, na udongo wa uvunguni ufunikwe kwa nailoni nzito yenye unene usiopungua milimita 0.15. Ndipo ubao uliodhoofika uongezewe mwenzake mzima ubavuni, unaofika kwenye mihimili ya pande zote mbili. Boriti kuu iliyozama huinuliwa kidogo kidogo, kwa siku au majuma, kwa sababu ikipandishwa kwa pupa kuta hupasuka na mabomba huachana. Kazi hiyo si ya baba watoto na jeki ya gari siku ya Jumamosi. Mtu anaweza kubanwa huko chini akafa.

Mlipe mhandisi wa miundo mwenye leseni ya jimbo, asiyeuza jeki wala nailoni, akuandikie ripoti. Kisha uwape makandarasi watatu ripoti hiyo hiyo wataje bei zao, na uulize ofisi ya ujenzi ya mji kuhusu kibali. Ule mlango wa watoto usipigwe randa kwa sasa, maana boriti ikirudi mahali pake utabaki na mwanya.