Usimzuie dada, mpe kitu cha kuunda

Dada umeuliza umzuie huyo kijana wako wa darasa la sita anayefungua kila redio humo ndani, mi nasema usimzuie ila mpe kazi. Hapa Dodoma mwezi wa sita mpaka wa nane upepo upo bwerere, sasa aanze na feni ya upepo ya kuwasha taa. Pita kwa mafundi redio uulizie mota ndogo iliyotoka kwenye printa mbovu, hiyo ni nzuri kuliko ya gari la kuchezea maana inatoa volti za kutosha hata ikizunguka taratibu, afu achonge mapanga matatu kwenye kipande cha bomba la plastiki ayabane kwenye mota, aunge na kitaa kimoja chekundu cha LED, hicho kinataka kama volti 2 tu. Kisipowaka ageuze nyaya, mguu mrefu wa hicho kitaa ndo chanya.

Wa kwangu kilipowaka kwa kumetameta alikaa uani mpaka ugali ukapoa! Nikamwambia ndo kitu mwanasayansi Faraday alikigundua 1831, sumaku na koili (waya uliosokotwa mizunguko mingi) kimoja kikizunguka umeme unapatikana, akakielewa palepale.

Ila nakuomba sana dada, TV ya chogo asiifungue kabisa, hata ikichomolewa ukutani inabaki na umeme ndani unaoweza kuua. Kwa sasa atumie vya betri tu, na hizo bisibisi mnunulie zake.