Maswali na Majibu: Wazazi Wanaotaka Kuanzisha Shule ya Kimataifa Nairobi

Tuko familia saba, na karo ya shule za kimataifa imetushinda kila mwaka inapoongezwa. Tukianzisha shule yetu wenyewe, nani awe mmiliki? (Mama wa watoto wawili, Lavington)

Nashukuru, mama, kwamba umelitanguliza swali hili, kwa kuwa kundi moja la wazazi nililowahi kulihudumia kama katibu lililiahirisha hadi mambo yalipoharibika. Shule ile iliandikishwa kwa majina ya wazazi watatu waliokuwa na fedha za kukodi nyumba. Mtoto wa mmoja wao alipohitimu, mzazi huyo alitaka kuuza hisa zake kwa mtu asiye na mtoto shuleni, na walimu wakafundisha muhula mzima bila kujua watalipwa na nani.

Nakushauri msajili kampuni isiyo na hisa chini ya Sheria ya Kampuni ya 2015, yaani ile ambayo wanachama wake huahidi kuchangia kiasi maalumu cha fedha iwapo itavunjwa, na hakuna hata mmoja anayebaki na kipande cha kuuza. Katiba ya kampuni ieleze kwamba uanachama wa mzazi huanza mtoto anapoandikishwa na hukoma anapoondoka, na kwamba bodi itakuwa na watu kadhaa wasio na mtoto pale, wakiwemo mhasibu na mwalimu mkongwe. Mtu anayeamua mshahara wa mwalimu anayemsahihishia mwanawe mtihani yumo katika mtego, hata awe mwadilifu kiasi gani. Shule ya Kimataifa ya Geneva ilianzishwa mwaka wa 1924 na maofisa wa Shirikisho la Mataifa na wa Ofisi ya Kimataifa ya Kazi waliotaka watoto wao wasome pamoja. Inaendelea hadi leo, ilhali watoto wale wa kwanza waliiaga zamani. Kipimo cha kazi yenu ni hicho: je, shule itasimama baada ya kitinda mimba wenu kuondoka?

Tumepata nyumba kubwa yenye bustani huko Kileleshwa. Tunaweza kuanza pale? (Baba, Kileleshwa)

Mnaweza, ila msitie sahihi mkataba wa kukodi kabla ya kuongeza kifungu kinachoufanya utegemee kibali cha kaunti. Nyumba ya makazi haigeuki shule mpaka Kaunti ya Nairobi iidhinishe mabadiliko ya matumizi ya ardhi, na ombi hilo hutangazwa ili majirani wapate nafasi ya kupinga. Wengi hupinga kwa sababu ya msongamano wa magari asubuhi kuliko kelele za watoto, kwa hiyo nendeni mkaonane nao mapema mkiwa na mpango wa basi na wa mahali pa kushushia watoto. Afisa wa afya ya umma naye atakagua vyoo, maji na jikoni.

Mke wangu ni mhandisi na anaipenda hisabati. Anaweza kufundisha darasa la kwanza letu ili tupunguze gharama? (Baba, South B)

Hapana, isipokuwa awe na mafunzo ya ualimu na asajiliwe na TSC, yaani Tume ya Huduma za Walimu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaitaka shule ya binafsi iajiri walimu waliosajiliwa, na mgeni kutoka ng'ambo huhitaji pia kibali cha kazi. Msiliangalie sharti hili kama usumbufu wa ofisi. Wazazi wa Agikuyu walioanzisha shule zao huru enzi za ukoloni walielewa kwamba kujenga madarasa hakutoshi. Ndiyo maana mwaka wa 1939 chuo cha ualimu kikafunguliwa Githunguri, Kiambu, chini ya msomi Mbiyu Koinange. Mkeo atafaa sana kuongoza klabu ya sayansi au kukaa katika kamati ya majengo.

Tuchague mtaala wa Cambridge au wa IB? (Mzazi, Runda)

Anzeni na umri wa watoto mlio nao. Ikiwa wana miaka mitano au sita, IGCSE, yaani mtihani wa Cambridge wa sekondari, iko mbali, nayo programu ya msingi ya IB (International Baccalaureate) inawahusu, kwa kuwa ni ya watoto wa miaka 3 hadi 12. Hata hivyo, idhini ya IB hupatikana baada ya shule kuwa mgombea kwanza, yaani kuchunguzwa kabla ya kukubaliwa, na mchakato mzima kwa kawaida huchukua miaka kadhaa, na katika kipindi hicho si haki kuwatangazia wazazi kwamba ninyi ni shule ya IB.

Kuna jambo moja ambalo nawasihi msilipuuze. Shule nyingi za aina hii hulea watoto wa Nairobi wasioweza kumwamkua bibi yao kwa Kiswahili, kisha watu husingizia mtaala. Cambridge ina mtihani wa Kiswahili katika IGCSE. Mwajirini mwalimu wa Kiswahili siku ile ile mnayomwajiri wa Kiingereza, na mshahara wao uwe sawa.

Je, waanzilishi wasamehewe karo? (Mweka hazina, Karen)

La. Mchango wa kila familia uandikwe kuwa mkopo kwa shule, wenye tarehe ya kurejeshwa, kisha kila mtoto alipiwe karo kamili. Huduma za elimu hazitozwi VAT, lakini bajeti ya mishahara lazima ihesabu ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ya mshahara unaotoka kwa mwajiri.

Tufungue Januari au Septemba? (Mama, Lavington)

Septemba, ikiwa mtaala wenu ni wa kigeni, kwani ndipo mwaka wa masomo wa shule nyingi za kimataifa unapoanza. Ombi lenu la usajili lipelekwe kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti miezi mingi kabla ya hapo, na msipokee karo ya mtoto yeyote kabla ya cheti cha usajili kuwa mkononi.