Hesabu mipira ya kipa, mashuti baadaye

Juzi kijana mmoja anayenoa timu ya watoto ya halingi, mchezo wa fimbo wa Waairishi, huku Ireland kaniandikia: "Kaka, tumefungwa mechi nne mfululizo, na zote tumepiga mashuti mengi kuliko wenzetu. Tunakosea wapi?" Nikacheka, halafu nikanyamaza. Nilishapita hapo.

Mwaka wangu wa kwanza kushika daftari la takwimu kwenye klabu ya halingi (mpira ukipita juu ya mtambaa panya pointi 1, ukiingia wavuni pointi 3), nilihesabu mashuti tu. Tulipotolewa nikampelekea kocha karatasi tatu za rangi kuthibitisha kwamba tulistahili kushinda. Akazikunja, akazitia mfukoni, akasema vijana walikosa moyo. Mpaka leo inaniuma. Kunikatalia ni haki yake, lakini hakusoma hata mstari!

Usiku ule nikarudia video. Nikaona kila baada ya pointi, goli au shuti la nje, kipa anauanzisha mpira upya, na mara nyingi mpira ule tuliuokota sisi tukiwa tumebanwa pembeni. Hapo ndipo mashuti yetu ya kubahatisha yalipotoka.

Piga hesabu. Fainali ya kaunti za Ireland nzima 2025, Tipperary 3-27 (yaani magoli 3 na pointi 27), Cork 1-18. Jumlisha: mara 49 za kufunga, yaani karibu mara 49 makipa kuanzisha, kabla hujagusa mashuti ya nje. Nani anaokota hiyo mipira, na wapi? Anza na hilo, ndugu yangu. Kisha hilo tena.

Cork walikwenda mapumziko wakiongoza 1-16 kwa 0-13. Kipindi cha pili wakapata pointi 2 tu, wenzao 3-14. Mitaani watu wakasema moyo uliwaishia. Moyo gani unaofanya kazi dakika 35 halafu unazimika? Beki wao alitolewa kwa kadi, penalti yao ikaokolewa, Tipperary walikuwa na mtu wa ziada kwenye ulinzi. Mambo ya kuhesabika hayo. Acheni kuwapima wachezaji roho, jamani, pimeni mpira!

Kocha wangu? Msimu uliofuata aliniomba karatasi mwenyewe, kwa sauti ya chini, kule kwenye maegesho. Nikampa moja tu, bila rangi.

Yule kijana nimemwambia anitumie video ya Jumamosi. Bado hajatuma.