Jibu: Vijana wa asili na magenge ya Kanada

Ndugu yangu, umeuliza kama vijana wa jamii za asili huko Kanada hutoka kweli kwenye magenge au ni maneno tu. Wanatoka. Katika mji wa Saskatoon kuna STR8 UP, shirika la kuwasaidia watu kutoka kwenye magenge, lililoanzishwa na padri André Poilièvre pamoja na vijana waliotaka kuacha. Wanasaidiwa na watu walioyapitia hayo hayo, na kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote. Katika mji wa Winnipeg, mradi mwingine wa namna hiyo uitwao OPK umewafundisha vijana useremala na kukarabati nyumba za mtaani kwao, pamoja na mila ambazo shule za bweni za serikali na makanisa, walikopelekwa watoto wa jamii za asili, ziliwapokonya babu zao. Mahubiri peke yake hayatoshi: genge lilimpa kijana ndugu na hela. Mtafutieni kwanza kazi, na mtu atakayepokea simu yake usiku wa manane.