Kabla ya kumwita fundi wa marumaru: jinsi ya kumkumbuka askari wenu aliyefia vitani

Dada mmoja wa Newala ameniandikia ujumbe. Mjomba wake, mdogo wake mama, alikwenda vita vya Uganda akiwa kijana ambaye hata hajaoa, na hakurudi. Ukoo umechangishana, wanataka kumsomea hitima na kumwekea jiwe kabla ya Julai 25, Siku ya Mashujaa. Swali lake kwangu: fundi mzuri wa marumaru Mtwara ni nani? Nikamuuliza jiwe litaandikwa nini. Akanitumia jina moja na mwaka, na mwaka wenyewe una alama ya kuuliza.

Huku kusini nyumba za namna hiyo ni nyingi. Wapo waliofia Uganda mwaka 1978 na 1979, wapo waliofia Msumbiji, na wapo vijana wa juzi tu waliokwenda kulinda amani Darfur na Kongo. Karibu kila mahali mambo huanzia kwenye saruji na pilau. Jina, nambari na tarehe hutafutwa mwishoni, wakati mama mkubwa aliyeyajua yote hayo amekwisha kufariki. Hili linaniuma, nalisema wazi.

Kitu cha kwanza ni nambari ya jeshi. Ya askari huanza na herufi MT, ya afisa huanza na P. Majina hufanana, nambari haifanani. Itafuteni kwenye barua alizotuma, kwenye barua ya taarifa ya kifo, hata nyuma ya picha. Bahasha msiitupe, kwa sababu muhuri wa posta una tarehe na anwani mara nyingi hutaja kikosi, yaani KJ na nambari yake. Mkikosa kabisa, nendeni kwa Mshauri wa Jeshi la Akiba wa wilaya yenu. Huyo ndiye mlango wa jeshi kwa raia wa kawaida. Chukueni barua ya mtendaji wa kijiji, muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi, na majina yote ambayo kijana alipata kuitwa.

Nimesema majina yote, na hapa ndipo watu wa Mtwara na Lindi tunapokwama. Mtoto anazaliwa na jina, anatoka jandoni na jina jingine, shuleni mwalimu anaandika la tatu, na karani wa jeshi anaandika alivyosikia. Bibi anamlilia mtu ambaye kwenye kumbukumbu za jeshi hayupo kwa jina hilo. Hamisi anakuwa Khamis, Saidi anakuwa Said, na jina la ukoo linabadili L kuwa R. Kwa hiyo andikeni kwenye karatasi moja jina la utotoni, la jandoni, la shule, la baba na la babu, na namna mbili tatu za kuliandika kila moja. Daftari la uandikishaji la shule ya msingi aliyosoma ni hazina, kwa sababu lina mwaka wa kuzaliwa na jina la mzazi. Wakristo wana daftari la ubatizo parokiani. Masasi kuna misheni tangu mwaka 1876, na Ndanda Wabenediktini wako tangu 1906. Ombeni kwa adabu, mpige picha ukurasa husika tu.

Tarehe msiwaulize wazee kwa kalenda. Ulizeni kwa kazi na majira. Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu akatangaza vita Novemba 2. Bibi akisema "aliondoka tunaokota korosho", hiyo ni kabla ya mwaka ule kwisha. Mapigano ya Lukaya yalikuwa Machi 1979, Kampala ikaanguka Aprili 11. Kosa kubwa ninaloliona ni ukoo kuchonga kwenye jiwe siku taarifa ilipofika nyumbani. Taarifa iliweza kuchelewa majuma, hata miezi. Kama mnachojua ni mwaka tu, chongeni mwaka tu. Mwaka wa kweli una heshima kuliko siku ya kubahatisha.

Mzee akizungumza, mrekodini kwa simu. Zimeni redio, mweke simu juu ya khanga iliyokunjwa, karibu na kifua chake, maana ukiiweka juu ya meza tupu kila kikombe kikiguswa kinasikika kama mlango. Dakika 20 zinatosha kwa mara moja, akichoka rudini siku nyingine. Usimkatize kumsahihisha. Mwanzoni kabisa taja jina lake, kijiji na tarehe. Jioni hiyo hiyo nakili kwenye memori kadi na kwenye simu ya mtu mwingine.

Sasa picha. Joto na unyevu wa huku pwani hugandisha picha kwenye kioo cha fremu. Ikishaganda msiibandue, ipigeni picha pamoja na kioo chake. Kaeni kivulini karibu na mlango, flashi imezimwa, simu iwe sambamba na picha, na mtu ashike kitambaa cheusi nyuma yako kuzuia mng'ao. Kama iko huru, ipelekeni kwenye skana, wambieni 600 dpi. Ya asili msiipige lamineshi, joto la mashine huiharibu na baadaye haitoki tena. Itieni kwenye bahasha ya karatasi, muihifadhi juu, mbali na ukuta wenye mchwa.

Na jamani, kataeni ule mchezo wa studio wa kuchukua kichwa cha kijana na kukipandikiza kwenye gwanda la mtu mwingine. Nimeona praiveti mwenye nyota za kapteni. Kijana alikufa na cheo chake, mwacheni nacho. Kama picha pekee ni ya shule, amevaa shati jeupe na anakunja uso kwa sababu ya jua, hiyo ndiyo picha yake.

Jiwe lenyewe si kazi ngumu. Kama mwili haupo kijijini, msiinue tuta la kaburi. Wekeni jiwe la kumbukumbu kwenye makaburi ya ukoo, na liseme alipozikwa ikiwa mmethibitisha. Waliofia vita vya Uganda wengi wako Kaboya, wilaya ya Muleba, na kwa waliofia Msumbiji yapo makaburi ya mashujaa hapa hapa Mtwara, Naliendele. Kwa Waislamu wasiopenda kujengea, mashahidi wawili, yaani vile vijiwe vya kichwani na miguuni, na kibao kidogo vinatosha, ongeeni na shehe wenu mapema. Kibao cha sentimita 60 kwa 40, unene wa 9, kinataka robo ndoo ya saruji, nusu ndoo ya mchanga na ndoo moja ya kokoto ndogo, kwa ndoo ya lita 20. Maji lita tatu na nusu, yasizidi nne. Fundi akimwaga maji mengi ili asukume kirahisi, kibao kitapasuka. Mchanga uwe wa mtoni. Wa baharini una chumvi, utakula chuma kama mmekiweka ndani na kutoa ukungu mweupe juu ya maandishi. Funikeni kwa gunia bichi siku 7, mkilimwagia asubuhi na jioni. Herufi zichongwe kwenye kipande cha marumaru kinachopachikwa, zenye urefu wa sentimita 3. Rangi peke yake juani kwetu haidumu. Na kabla fundi hajashika patasi, maandishi yaandikwe kwenye karatasi, mkubwa wa ukoo ayasome kwa sauti herufi kwa herufi, kisha atie sahihi.

Hitima isomwe, misa iombwe, hayo ni haki yake. Lakini ndugu zangu, sufuria la pilau lisimeze fungu la jiwe. Tengeni fedha ya marumaru kwanza, mbuzi baadaye. Na siku ya shughuli, mtu mmoja asimame asome jina kamili, nambari, kikosi, alikozaliwa na alikofia, watoto wa ukoo wakiwa mbele, si jikoni.

Mtakaojaliwa kufunga safari ya Kaboya, nendeni na nambari imeandikwa kwenye karatasi. Makaburi yako chini ya jeshi, kwa hiyo ombeni ruhusa kabla ya kugusa chochote. Vumbi litoeni kwa maji na brashi laini, si brashi ya waya, wala msipake rangi upya. Pigeni picha asubuhi, jua likiwa la upande, ndipo herufi zilizofifia husomeka. Andikeni na safu, na kaburi la ngapi kutoka mwanzo wa safu, ili atakayefuata baada yenu asianze kutafuta upya.