Panga safari ya baiskeli kwa upepo wa ziwa

Mtu akiniuliza anunue baiskeli gani ya kusafiria kutoka Mwanza, kwanza namuuliza anaelekea wapi na anaondoka saa ngapi. Baiskeli yoyote yenye breki nzima, hata ile nzito ya kubebea magunia, itakufikisha Misungwi, kusini mwa Mwanza. Kitakachokuchosha ni upepo.

Mchana jua hupasha nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu inakuwa nyepesi na kupanda, na ile ya ziwani inakuja kushika nafasi yake. Kwetu sisi wa kusini mwa Ziwa Victoria, upepo huo hutoka upande wa kaskazini, na alasiri ndipo unapokolea. Usiku mambo yanageuka: nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto lake, na upepo unavuma kutoka bara kwenda ziwani hadi asubuhi.

Sasa tazama wanavyofanya wengi. Wanatoka Nyegezi alfajiri kwenda Usagara na Misungwi, upepo wa bara unawapiga usoni. Wakirudi alasiri, wa ziwani nao unawapiga usoni. Mara mbili kwa siku moja! Nakusihi ufanye kinyume: ondoka saa nane mchana usukumwe mgongoni, ufike kabla ya giza, ulale Misungwi, kisha urudi asubuhi na mapema ukisukumwa tena. Nimesafiri kwa namna zote mbili, na miguu haidanganyi. Mwendo wako dhidi ya hewa ukiongezeka mara mbili, hewa inakukinza mara nne. Ukiendesha kilomita 15 kwa saa huku upepo wa kasi hiyohiyo ukikujia mbele, tayari umefika hapo.

Majira ya mvua, kuwa makini zaidi. Usiku pepo za bara hukutana juu ya ziwa, hewa yenye unyevu inapanda na kujenga mawingu ya radi, na dhoruba zake huweza kuendelea hadi asubuhi. Wavuvi wa dagaa, ambao kazi yao ni ya usiku, wanalijua hili vizuri. Jioni ya kuamkia safari pita soko la samaki la Mwaloni Kirumba uwaulize. Mimi nawaamini kuliko simu yangu.

Na ukitokwa jasho, usijitose ziwani kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Ndipo wanapokaa konokono wa kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha.

Nyumbani nako kuna nguvu nyingi tunazopoteza bure, hasa kwenye mkaa. Mwanza iko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ukichochea moto baada ya hapo, joto la sufuria haliongezeki. Unatengeneza mvuke tu. Maharage yanachohitaji ni joto lisitoroke. Yaloweke usiku kucha, umwage maji hayo, yachemshe kwa nguvu nusu saa, kisha funika sufuria vizuri na uifukie kwenye kapu kubwa lililojaa mablanketi makuukuu. Iache humo asubuhi nzima bila kufunua. Mchana irudishe jikoni ichemke tena, ndipo uweke nazi au karanga.